Sinatra wa Capitol: mono si stereo iliyopungua

Wapenzi wengi wa muziki wa zamani huamini kwamba stereo (sauti ya mikondo miwili, kushoto na kulia) ni mono (sauti ya mkondo mmoja) iliyoongezwa kitu, kwa hiyo mwenye nafasi ya kuchagua achukue stereo tu, basi. Kwa santuri ambazo mwimbaji wa Marekani Frank Sinatra alirekodi katika kampuni ya Capitol kati ya 1957 na 1960, imani hiyo haina miguu. Mono ya miaka ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Ndiyo iliyokwenda redioni, ndiyo iliyonunuliwa na wengi, na ndiyo iliyosikilizwa studioni kabla ya kuamuliwa kwamba wimbo umekubali. Stereo ilikuwa mgeni aliyekwisha karibishwa ndani huku wenyeji wakiendelea kubishana atalala chumba gani.

Ninachodai ni kwamba mono na stereo za kipindi kile ni rekodi mbili za uimbaji mmoja, na kila albamu inastahili hukumu yake. Nadai pia kwamba mabishano mengi kuhusu ipi ni bora huharibika kabla hata wimbo haujaanza, kwa sababu watu hulinganisha vitu ambavyo haviko sawa: moja ina sauti kubwa zaidi, nyingine ilinakiliwa kwa mwendo tofauti, au ile inayoitwa mono ni stereo iliyobanwa juzi tu kwa kompyuta.

Sinatra aliingia Capitol mwaka 1953. Albamu zake zilizojenga heshima mpya, kama "In the Wee Small Hours" ya 1955 na "Songs for Swingin' Lovers!" ya 1956, zilirekodiwa kwa mono peke yake. Hata "A Swingin' Affair!", iliyorekodiwa mwishoni mwa 1956, ni mono. Stereo inaanza na "Where Are You?", ambayo Gordon Jenkins aliipangia muziki na kuirekodi na Sinatra Aprili na Mei 1957 katika jengo la Capitol, Hollywood. Wakati huo santuri ya stereo ilikuwa haijafika dukani. Mfumo wa kukata mfereji mmoja wenye kuta mbili, kila ukuta ukibeba mkondo wake kwa nyuzi 45, ulionyeshwa na Westrex, kampuni ya vifaa vya sauti, mwaka 1957, na kampuni kubwa za Marekani zilianza kuuza santuri za namna hiyo katikati ya 1958. Kwa zaidi ya mwaka mzima, basi, Capitol ilikuwa inakusanya tepu za stereo bila kuwa na pa kuziuza, zaidi ya soko dogo la matajiri wenye mashine za tepu nyumbani.

Hali hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mono na stereo zinasikika tofauti hivyo. Katika rekodi za mwanzo, tepu ya stereo ilinaswa na maikrofoni zake na mashine yake, sambamba na zile za mono. Upande wa mono, fundi wa sauti alikuwa na maikrofoni kadhaa zilizogawanywa kwa makundi: ya mwimbaji, ya fidla, ya matarumbeta na matromboni, ya mdundo. Alizichanganya papo hapo bendi ikipiga, akipandisha filimbi inapotaka kujibu na kuishusha shaba, yaani matarumbeta na matromboni, mwimbaji anapofungua mdomo. Kilichoingia kwenye tepu kilikuwa kimekwisha. Hakukuwa na kesho ya kurekebisha. Upande wa stereo mkazo ulikuwa kueneza okestra kushoto na kulia, na usimamizi wa kila kundi ulikuwa hafifu zaidi. Ukisikia matarumbeta ya stereo yako mbali na yana chumba kingi ndani yake, wakati ya mono yanakurukia usoni, si kosa la mashine yako. Yalisimama mbali zaidi na maikrofoni zilizoyanasa.

Mono haina kushoto wala kulia, lakini ina mbele na nyuma, na nyuma yake hutengenezwa na vitu vitatu tu: umbali wa ala kutoka kwenye maikrofoni, kiasi cha mwangwi, na ukubwa wa sauti. Mfano mzuri ni "I've Got You Under My Skin", iliyorekodiwa Januari 12, 1956 katika studio ya KHJ, Melrose Avenue, kabla kabisa ya stereo. Wimbo ulirudiwa mara 22. Milt Bernhart, aliyepiga tromboni ile inayolipuka katikati, alisimulia baadaye kwamba alitakiwa asogee kwenye maikrofoni iliyowekwa juu kwa ajili ya shaba, naye hakuifikia. Sinatra mwenyewe akaenda kuleta sanduku, Bernhart akapanda juu yake akapiga. Hapo ndipo ufundi wa mono ulipo: sentimita chache za umbali kati ya mdomo wa tromboni na maikrofoni zinaamua kama ala hiyo itakuwa mstari wa nyuma au itasimama bega kwa bega na mwimbaji. Hakuna kitufe cha baadaye cha kuisogeza.

Wapangaji wa muziki nao waliandika wakijua hilo. Nelson Riddle alijaza nafasi pale Sinatra anapovuta pumzi, na akanyamaza pale anapotamka. Tarumbeta ya Harry Edison, yenye kizibo cha chuma mdomoni, haigusi neno hata moja. Inasubiri mwisho wa mstari, inatupa noti tatu nne, inaondoka. Katika mono majibu hayo hutoka nyuma ya bega la mwimbaji, mahali pale pale anaposimama, ndiyo maana husikika kama mazungumzo. Yakitupwa pembeni na stereo, masikio yanageuka kuyatafuta. Wengine wanapenda hivyo. Kwa nyimbo za mwendo wa kuchezeka, mimi naona kinachopotea ni kikubwa kuliko kinachopatikana.

Kwa mwangwi mambo yanageuka. Chini ya jengo la Capitol, lililofunguliwa mwaka 1956, kuna vyumba vya zege vilivyochimbwa ardhini kwa ushauri wa Les Paul, mpiga gitaa na mvumbuzi. Sauti hupelekwa humo kwa spika, ikagonga kuta, ikarudishwa na maikrofoni. Studio kavu iliyokuwa juu ilivihitaji sana. Katika mono, mwangwi huo lazima ukae mahali pale pale penye sauti ya mwimbaji, kwa hiyo fundi akizidisha kidogo tu maneno yanaingia ukungu. Katika stereo mwangwi hutawanyika pembeni, sauti ikabaki safi katikati hata kama mwangwi ni mwingi. Ndiyo sababu albamu za huzuni zenye fidla nyingi na mwendo wa pole hunufaika na stereo kuliko zile za kuchangamsha.

Kwa hiyo "Where Are You?" ichukue kwa stereo bila kusita. Jenkins aliandika fidla kwa tabaka, moja likipanda huku jingine linashuka, na katika mono matabaka hayo hugandana kuwa pazia moja zito. Stereo inayatenganisha, na sauti ya Sinatra haipotezi kitu. "No One Cares" ya 1959, ambayo pia ni ya Jenkins, iko hivyo hivyo.

"Come Fly with Me", iliyopangwa na Billy May, ikarekodiwa Oktoba 1957 na kutoka Januari 1958, nenda mono. May alipenda saksofoni zinazoteleza kwa pamoja kutoka noti moja hadi nyingine, na matarumbeta yanayokatiza ghafla kama mlango uliofungwa kwa hasira. Mambo hayo yanahitaji uzito wa pamoja. Kwenye stereo ile ya mwanzo shaba iko mbali, besi inapungukiwa na mwili, na bendi kubwa inasikika kama bendi mbili za wastani. "Come Dance with Me!" ya 1959 ni bora kidogo kwa stereo kuliko iliyotangulia, lakini mwangwi wake unang'aa mno kwa masikio yangu. Mono yake ni kavu zaidi na ngoma zinapiga kifuani.

"Only the Lonely" ya 1958 ndiyo ngumu, na ndiyo inayostahili muda. Riddle alikuwa na okestra kubwa, yenye ala za kupuliza ambazo hazikuwa za kawaida kwenye santuri za waimbaji wa wakati ule, na ukubwa huo unaomba nafasi. Lakini uimbaji wenyewe ni wa karibu sana. Sikiliza "One for My Baby" kwa zote mbili, dakika ya kwanza tu. Kuna piano ya Bill Miller na kuna Sinatra, okestra inakuja kwa unyemelezi. Jiulize maswali mawili: piano iko hatua ngapi nyuma ya mwimbaji, na je, wote wawili wako chumba kimoja? Kisha sikiliza mwisho wa "Angel Eyes", pale sauti inapokatika na kuacha mwangwi peke yake. Pima unachukua muda gani kuzama, na unazama ukiwa katikati au ukitawanyika. Baada ya majaribio hayo mawili utakuwa umejua zaidi kuliko anayesikiliza albamu nzima huku anasoma jalada.

Albamu hiyo ina tofauti nyingine ambayo wanunuzi wa santuri za zamani hukutana nayo kwa mshangao. Toleo la mono lilikuwa na nyimbo 12, lakini santuri ya kwanza ya stereo ilikuwa na 10. "It's a Lonesome Old Town" na "Spring Is Here" ziliachwa. Mfereji wa stereo hutikisika kwenda kando na pia kwenda chini na juu, hivyo unakula nafasi kubwa zaidi, na wakataji wa 1958 walikuwa bado waangalifu. Mnunuzi wa stereo alilipa kwa kawaida dola 1 zaidi, akapata nyimbo mbili pungufu.

Kadiri tunavyokaribia 1960, na "Nice 'n' Easy" ikiwa mfano, tofauti inapungua. Tepu ya njia tatu ilikuwa imeshika studio kubwa za Marekani: okestra kushoto, okestra kulia, mwimbaji njia ya kati peke yake. Ukiwa na tepu hiyo, mono na stereo zinaweza kutengenezwa baadaye kwa utulivu kutoka chanzo kimoja. Hapo swali la ipi ununue linakuwa la ladha tu, na stereo haina tena kasoro za ugeni.

Sasa namna ya kulinganisha, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Kwanza ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu likipewa rekodi mbili, moja ikiwa juu kwa desibeli 1 tu, halisemi "hii ina sauti kubwa". Linasema "hii ina uhai". Sawazisha kwanza. Katika programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, tumia kifaa cha kusawazisha ukubwa wa sauti na uweke faili zote mbili kwenye LUFS -20 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Hakikisha umewasha chaguo linalohesabu faili la mono kama mikondo miwili inayofanana. Usipofanya hivyo, programu itapima mono kwa mkondo mmoja, na utajikuta na tofauti ya desibeli 3 ambayo hukuitaka, ukadhani ni ufundi wa Capitol.

Pili mwendo. Mono na stereo zilipita kwenye mashine tofauti, na nakala za baadaye zilipita kwenye mashine nyingine tena. Mashine ikizidi mwendo kwa asilimia 1, wimbo wa dakika 3 unafupika kwa karibu sekunde 1.8, na sauti inapanda kwa takriban sehemu ya sita ya nusu-toni. Hutaitambua kama wimbo uliopanda. Utaisikia kama mwimbaji aliye kijana kidogo na mwenye furaha zaidi. Pima kutoka noti ya kwanza hadi mpigo wa mwisho wa bendi, si urefu wa faili, kwa sababu kimya cha mwanzo na mwisho huwekwa na kila mtu apendavyo. Zikitofautiana, rekebisha mwendo wa moja, ukitumia kifaa kinachobadilisha mwendo na sauti kwa pamoja.

Tatu spika. Ukicheza mono kwa spika mbili, mwimbaji huonekana yuko katikati, mahali ambapo hakuna spika. Ni kiini macho, na kina gharama. Sauti ya spika ya kushoto hufika sikio la kulia ikiwa imechelewa kama milisekunde 0.25, na mchanganyiko huo huchimba shimo karibu na hezi 2,000, eneo lile lile ambalo konsonanti za mwimbaji zinasikika wazi. Stereo nayo ina shimo hilo kwa mwimbaji wa katikati, ila pembeni kuna ala za kukupumbaza usilione. Kwa hiyo mono isikilize kwanza kwa spika moja, iliyowekwa mbele yako, nyingine ikiwa imezimwa. Watu wengi husema mono ni bapa kwa sababu hawajawahi kuisikia hivyo. Kwa hedifoni ni afadhali usitoe hukumu yoyote, maana mono huingia ndani ya fuvu na stereo ya 1957 huning'inia masikioni, na wala fundi wa Capitol hakufanya kazi kwa hedifoni.

Nne, na hili linatuhusu sana sisi wasikilizaji wa simu. Spika ndogo za bluetooth nyingi zina spika moja ndani, au mbili zilizobanana kiasi kwamba hakuna stereo ya maana. Kifaa hicho kinajumlisha mikondo miwili kuwa mmoja. Ukicheza stereo ya Sinatra humo hujapata miksi ya mono, yaani mchanganyo uliofanywa na fundi studioni. Umepata stereo iliyobanwa, na hesabu yake ni hii: kilicho katikati kinapatikana kwenye mikondo yote miwili, kwa hiyo kikijumlishwa kinapanda kwa desibeli 3 kulinganisha na kilichokuwa upande mmoja tu. Mwimbaji anasogea mbele, shaba na fidla zinarudi nyuma, na ule mwangwi uliokuwa umetawanyika pembeni kwa mawimbi yanayopingana unafutika kiasi. Matokeo ni Sinatra mkubwa aliyesimama mbele ya okestra iliyonyweshwa maji. Miksi halisi ya mono haikutengenezwa hivyo kamwe. Kama unasikiliza kwa spika ya namna hiyo, toleo la mono ndilo linalokufaa hata kwa albamu ambazo nimesema stereo yake ni bora.

Huduma za mtandaoni mara nyingi hukupa stereo bila kukuuliza, na hazisemi ni miksi ya mwaka gani. Kwa "Only the Lonely" kazi ni rahisi: toleo la miaka 60, lililotoka 2018, lina stereo iliyochanganywa upya na pia mono ya asili. Lakini kumbuka kwamba stereo hiyo ni ya 2018. Inakuambia tepu za studio zina nini, haikuambii msikilizaji wa 1958 alinunua nini. Kulinganisha mono ya 1958 na stereo ya 2018, kisha kutangaza kwamba stereo imeshinda, ni kumpambanisha bondia aliyelala na aliyekunywa kahawa.

Kisha kuna stereo ya bandia, ambayo imewachafulia jina jamaa wote wawili. Kuanzia 1961 Capitol ilichukua rekodi za mono, ikazigawa mikondo miwili, mmoja ukapewa besi zaidi na mwingine sauti nyembamba zaidi, ukacheleweshwa kidogo, kisha ikaziuza kwa jina la Duophonic. "Songs for Swingin' Lovers!" ilipitia kisu hicho. Kwenye jalada angalia herufi kabla ya namba. W peke yake ni mono, SW ni stereo ya kweli, DW ni Duophonic. Kwa hiyo W-653 ni albamu hiyo kama ilivyorekodiwa, DW-653 ni ile iliyochezewa. W-1053 na SW-1053 ni "Only the Lonely", zote halali. Muuzaji akikuambia "ni stereo, bro, ya zamani kabisa" na rekodi ni ya kabla ya 1957, geuza jalada usome herufi.

Duophonic haiwezi kuokolewa kwa kubonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya. Mikondo miwili iliyopishana muda ikijumlishwa, baadhi ya masafa hujazana na mengine hufutana, sauti ikatoka kama mtu anayeimba ndani ya bomba. Hila hiyo hiyo inafanyiwa leo nyimbo za dansi za Dar es Salaam na Nairobi za miaka ya 1960 na 1970 zinapopakiwa mtandaoni: mtu anachukua mono nzuri, anaipitisha kwenye programu ya "kupanua", anaiandikia stereo. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza, aliomba hataza yake ya stereo mwaka 1931. Faili lolote la Bi Siti linalojitangaza stereo limetengenezwa na mtu mwingine miaka mingi baadaye.

Kugundua kilichofanyika ni kazi ya dakika mbili. Fungua faili Audacity, tenganisha mikondo miwili iwe njia mbili za mono, geuza wimbi la mmoja juu-chini, kisha zichanganye. Kikibaki kimya kitupu, hiyo ni mono safi. Ikibaki mivumo na mikwaruzo tu bila muziki, ni mono iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri au tepu kwa kifaa cha stereo, na hiyo haina neno. Ukisikia muziki mwembamba, wa juu juu tu, wenye s za mwimbaji zinazofyatuka, kichwa cha mashine ya tepu hakikukaa wima sawasawa. Ukisikia wimbo mzima, mwimbaji akiwemo, una bandia mkononi. Na ukisikia okestra na mwangwi huku mwimbaji ametoweka au amefifia sana, hiyo ni stereo ya kweli yenye mwimbaji katikati.

Lile la kichwa cha tepu linahitaji neno zaidi, kwa sababu linaua mono nyingi nzuri. Tepu ya studio hukimbia inchi 15 kwa sekunde, yaani kama sentimita 38. Ikiwa imenakiliwa kwa kichwa cha njia mbili kilichoinama kidogo, kiasi kwamba upande mmoja unatangulia kwa milimita 0.019, mikondo inapishana kwa mikrosekunde 50. Ukiijumlisha, hezi 10,000 inafutika kabisa na jirani zake zinajeruhiwa. Sauti inakuwa ya pamba, na msikilizaji anailaumu mono. Usijumlishe. Chukua mkondo mmoja, ule ulio safi zaidi, unakili pande zote mbili. Utapoteza faida ndogo ya kupunguza mvumo, utabaki na matoazi.

Kwa mwenye santuri yenyewe, jambo la kwanza ni sindano. Mfereji wa mono wa miaka ya 1950 ulikusudiwa ncha ya mviringo ya mikroni 25. Ncha ya stereo ya mviringo ni kama mikroni 18, nyingine ndogo zaidi, hivyo hushuka chini zaidi mferejini. Hilo lina uzuri na ubaya. Kama santuri ilichoshwa na sindano nzito za zamani, uharibifu uko juu kwenye kuta, na ncha ndogo inaweza kupita chini yake ikakuta muziki mzima. Kama mfereji una uchafu uliogandia chini, ncha hiyo hiyo itaukwangua wote na kukuletea mikwaruzo. Osha kwanza, jaribu ncha zote mbili kama unaweza, usihukumu kwa moja.

Ukitumia katriji (kifaa kinachoshika sindano) ya stereo, weka amplifaya kwenye mono. Muziki wa mono uko kwenye mtikisiko wa kando peke yake. Kila kinachotikisika juu na chini, kama vumbi, santuri iliyopinda au ngurumo ya mota, ni takataka, na kitufe hicho kinaifuta sehemu kubwa. Mvumo wa kawaida unashuka kama desibeli 3. Kama amplifaya yako haina kitufe hicho, rekodi kwa stereo kwenye kompyuta, kisha jumlisha huko.

Kinyume chake usijaribu. Katriji za kale za mono hazikuundwa kupanda na kushuka, na ukiziweka juu ya SW-855, yaani "Where Are You?" ya stereo, au santuri yoyote ya stereo zinalima mfereji. Sehemu zenye fidla za Jenkins huharibika kwanza, kwa sababu hapo ndipo mkondo wa kushoto na wa kulia hutofautiana zaidi. Unaponunua stereo ya 1958 hadi 1960 iliyotumika, cheza wimbo wa mwisho wa kila upande, karibu na lebo, mahali mfereji unapobana, na usikilize fidla zinapopanda juu. Zikitoa mchanga upande mmoja zaidi ya mwingine, hiyo imekwisha pita chini ya sindano isiyoihusu. Mrudishie muuzaji, utafute W-855. Mono iliyotunzwa itakuonyesha Sinatra vizuri kuliko stereo iliyolimwa.